Ziwa Limehama Bila Ruhusa

Kirumba, Mwanza
3 Machi 1922

Kwa Bwana Shauri, Bomani,

Salamu nyingi kwanza, malalamiko baadaye. Mimi ni Mihayo, mtega migono ya samaki hapa Kirumba, nami naleta mashtaka juu ya Ziwa.

Mbele ya nyumba yangu, chini ya maji, palikuwa na majani marefu ya kijani, na humo samaki wa ngege walikuwa wakilea watoto wao. Mzee Obiero, mtu wa kutoka Mara anayekaa hapa hapa Kirumba, aliniahidi binti yake Agutu kwa ajili ya majani hayo hayo, akisema mtoto wake hatakosa kitoweo. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Mvua imegoma tangu mwaka jana. Ziwa limerudi nyuma kimyakimya, wala halikuaga.

2. Majani yaliyozoea kukaa majini yameachwa juani. Yakawa manjano, kisha yakawa kama tumbaku. Yaliyobaki kidimbwini yanapikwa, maana maji yenyewe ni ya moto, unaweza kuoshea sufuria ya mafuta. Watoto wa ngege hawana pa kujificha, na ndege wa ziwani wanawala mpaka wanashindwa kuruka.

3. Mzee Obiero alikuja kukagua saa sita mchana. Badala ya samaki alikuta ng'ombe wa jirani yangu Shimba wamelala wanacheua, pale pale ninapotega migono. Akaziba pua, akarudi kwake. Kesho yake akatuma neno kwamba habari ya Agutu ataifikiria Ziwa likishajifikiria. Bwana, siku ile sikula.

4. Sikukaa bure. Nilichota maji ziwani kwa ndoo nikayamwagilia majani, nikachota tena. Agutu akaja kunisaidia kwa siri, tukacheka mpaka nusu ya maji ikamwagika njiani. Wavuvi wenzangu wakanishtaki kwa jumbe, eti ninamaliza Ziwa. Mimi na ndoo yangu moja! Na Misri je?

5. Maana karani wa meli ameniambia kwamba huko Jinja kuna mlango, na maji yetu yanatokea hapo kwenda Misri usiku na mchana. Hakuna aliyetuuliza. Naomba Serikali iuzibe mlango huo kwa mawe mpaka nioe. Watu wa Misri wana bahari yao, na waitumie.

6. Mawe yasipotosha, naomba jua lipewe likizo. Makarani wanapumzika Jumapili, askari pia, hata punda wa Boma. Jua peke yake linafanya kazi kila siku, na huo si utaratibu.

Nangoja amri yako. Nisalimie Bibi, mpishi, makarani wote, na yule askari wa mlangoni aliyenifukuza juzi. Mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi, raia wako mtiifu mwenye kiu,
Mihayo

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, mvua imeshuka kwa ghadhabu. Tope jekundu limeporomoka kutoka mlimani, limeyazika majani yote pamoja na migono yangu, halikubaki hata jani moja la kuonyesha. Maji yameingia nyumbani kwa Mzee Obiero, naye amekuja kwangu na mkewe na Agutu. Nimewakaribisha, nimewasha moto. Mzee amekataa kuvuka mlango. Kwao Wajaluo ni mwiko mkubwa baba kulala katika nyumba ya mwanamume wa binti yake. Amesimama uani, maji yanamtiririka ndevuni, akasema mbele ya Shimba na watu wote:

"Siwezi kulala kwa mkwe wangu."

Nimejifanya sikusikia kwa sababu ya mvua, nikamwomba arudie. Amerudia, tena kwa sauti kubwa zaidi. Bwana Shauri, futa mashtaka yote. Naweka kalamu chini, nakwenda kumtafutia mzee pa kulala kwa Shimba kabla hajabadili nia.