Nani Ataonja Maji ya Kiwanda cha Betri

Mwenye mtoto nyumbani, au mjukuu aliye njiani, haya asiyasome huku anapika. Akae kwanza.

Asubuhi ile redio ilitangaza kwamba halmashauri imepanga upya eneo la kiwanda cha zamani cha betri, pale nyuma ya mtaa wa Manondwane. Hakitajengwa kiwanda kingine, wala nyumba, wala soko, mpaka udongo usafishwe. Na maji ya chini ya ardhi yatalindwa. Basi, wakaweka muziki. Lakini kijiweni kwa NakaNomalanga, yaani mama yake Nomalanga, anayeuza amahewu, togwa lake la mahindi, kando ya ukuta wa kiwanda hichohicho, habari ile ndogo ilitosha kuharibu siku nzima.

"Mmesikia?" akaanza Hadebe. Mtaani humwita Bwana Viwanja, maana ni mwenyekiti wa ushirika wa nyumba ambao haujawahi kujenga hata banda la kuku. "Maji yatalindwa. Nawauliza ninyi wenye akili, mtu analinda nini? Takataka? Nani amewahi kuweka mlinzi jalalani?"

"Mimi niliwekwa," akasema Injini, fundi wa baiskeli. "Jalala la hospitali. Na buti nikapewa."

"Wewe siku zote ni mfano mbaya."

Gogo MaTshuma, bibi kizee wa mtaa, aliyekalia pipa lililopinduliwa, akacheka mpaka ugoro ukamtoka puani.

"Tazameni ule mrija wa chuma waliouzamisha humo ndani mwezi uliopita," Hadebe akaendelea, kidole kikielekea ukutani. "Una mfuniko wa chuma. Una kufuli. Kisima gani cha heshima kina kufuli? Sisi tunapanga ndoo kule shuleni kabla jogoo hajaamka, kumbe wao wana maji ya kufungia kama sukari ya mama mkwe."

"Ule ni wa kupimia," NakaNomalanga akasema, huku anakoroga. "Yule binti wa halmashauri alikuja hapa, akanywa amahewu, akanieleza mwenyewe. Wanapima ile sumu ya betri inatembea kwenda wapi."

"Inatembea?" Gogo akashtuka. "Ina miguu?"

"Inachukuliwa na maji, gogo. Maji ya chini nayo yana safari yake."

"Safari ya wapi?"

"Upande wetu huku."

"Sasa mgeni huyo na asije mikono mitupu. Alete hata mkate."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. NakaNomalanga naye akacheka, lakini kwa mdomo tu. Nomalanga wake, mtoto wa pekee, alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe kuja kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na tumbo lilikwisha shuka. Tangu afike, mama yake alikuwa akilinusa kila tone linaloingia nyumbani. Usiku alimwamsha kumuuliza amekunywa nini. Binti akajibu amekunywa ndoto, amwache alale.

Hadebe akamkonyeza Injini. Injini akapotea nyuma ya ukuta, akarudi na ndoo iliyofunikwa kitambaa, anatembea polepole kama anayebeba jeneza la mtu mfupi.

"Msiniambie mmevunja kufuli," akasema NakaNomalanga.

"Hatukuvunja," akajibu Injini. "Tuliligusa kwa nyundo."

Hadebe akafunua. Maji yalikuwa meupe, ungeona hata kucha yako chini. Watu wakainama, wakaguna.

"Hayo ndiyo wanayotunyima," Hadebe akasema, kifua mbele. "Jumamosi nawaleta wanachama waone viwanja vyao nyuma ya ukuta huu. Wakiuliza maji, nawaonyesha mrija. Ardhi ipo, maji yapo. Halmashauri wabaki na ramani yao. Mwaka juzi hapa palikuwa pa viwanda, mwaka jana pakawa pa nyumba, mwaka huu pamekuwa pa kusafishwa. Ramani gani inabadilika kuliko wigi la mke wangu?"

"Hapo umesema kweli," akasema Gogo. "Wigi la mkeo nalijua."

"Na ndoo hii ya kwanza," Hadebe akaisukuma mpaka miguuni pa mwenye kijiwe, "ni zawadi ya ushirika kwa mjukuu wetu anayekuja. NakaNomalanga, kampelekee binti."

Mkono wa NakaNomalanga ukasimama na mwiko ndani ya chungu. Zawadi ya mzazi haikataliwi mbele ya watu. Lakini nyuma ya ukuta ule hata magugu yalikuwa yamekata tamaa, na kuku aliyeruka kwenda kule hakurudi kutaga. Akafuta mikono kwenye aproni, akachota kikombe kimoja, akampa Hadebe kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo.

"Nashukuru sana, Mthimkhulu," akasema, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wake, jina la kumpamba mtu. "Onja basi, nipokee."

Hadebe akakitazama kikombe. Kila aliyekuwapo aliijua desturi. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza, nawe unamwona. Hata yeye NakaNomalanga hakuwahi kumuuzia mtu amahewu bila kupiga funda la kwanza.

"Mimi nimetoka kunywa chai sasa hivi," akasema Hadebe.

"Funda tu."

"Chai yenyewe ya maziwa. Havipatani. Tena kwa haki, mleta maji ni aliyebeba ndoo." Kikombe kikahamia kwa Injini.

Injini akakishika kama kinaunguza. "Mimi nilivuta kamba tu. Na kamba ni ya gogo."

"Ni ya mbuzi wangu," Gogo akasema upesi. "Hebu mwulizeni mbuzi. Ila mbuzi wangu ana akili, upande ule hajala jani hata siku moja."

"Upande ule hakuna majani, gogo."

"Si ndiyo nasema ana akili."

"Tuseme kweli," Hadebe akapata njia, uso ukang'aa. "Aliyechimba nani? Halmashauri. Mwenye mtungi ndiye anayeonja. Tuwapelekee wao."

"Wataunda kamati ya kuonja," akasema Injini.

"Kamati itakwenda semina ya kuonja, hotelini."

"Itarudi imenenepa, na kikombe bado kimejaa."

Wakacheka wakishikana mabega, machozi yakawatoka. Injini akakiweka kikombe juu ya pipa, akajipangusa macho. NakaNomalanga naye, roho ikiwa imetulia kidogo, akarudi kwenye chungu kumpimia mteja.

Ndipo Nomalanga akatokea kona, ametoka kliniki kwa miguu, jua kichwani, tumbo mbele na mkono kiunoni.

"Salibonani," akawasalimu, pumzi juu juu. "Mnacheka nini bila mimi?" Akakiona kikombe, akakichukua, akakipeleka mdomoni.

Mama yake alikuwa mbali. Aliutupa mwiko, akakimbilia kule. Alichosikia ni stuli kuanguka. Hadebe, mwenye goti bovu, aliruka kama amekanyaga kaa la moto, akakipiga kikombe kikaruka ukutani, na mguu ukaiangusha ndoo nzima. Maji yakamrudia kwenye suruali. Gogo akainua miguu juu, mbio kuliko umri wake.

Nomalanga midomo mikavu, mkono bado hewani.

"Baba Hadebe, nimekosa nini?"

"Hujakosa, mwanangu." Alikuwa anahema. "Yana kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ila si cha kuingia kwako."

NakaNomalanga akaja, akamshika binti mabega, akamgeuza, akamfuta midomo kwa aproni mara mbili ingawa ilikuwa mikavu. Halafu akamtazama mwenyekiti.

"Na wale wa Jumamosi? Nao wana mabinti, Hadebe."

Safari hii hakumwita Mthimkhulu. Hadebe akajikuna shingo, akaangalia suruali, akaangalia ukuta.

"Viwanja vipo, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Ila nitawaambia waje na maji yao."

Hata Nomalanga alicheka, ameshika tumbo kwa chini lisije likamtangulia. Injini hakungoja kutumwa. Alifungua mnyororo wa kufuli wa baiskeli yake mwenyewe, akapita nyuma ya ukuta, akaufunga ule mrija, na ufunguo akampa NakaNomalanga. Kisha wakaanza kutawanyika, kila mtu na dumu lake, kuelekea foleni ya shule.

"Jamani," Hadebe akauliza nyuma yao, "suruali hii inaniwasha, au ni mawazo yangu?"

Akauliza tena, sasa anachechemea haraka. Alipofika foleni alikuwa amewapita wote, anawaomba akina mama wampishe mbele. Hakutaka maji ya kunywa, alisema. Anawe mguu tu.