Maoni ya Kwanza ni Mbuzi Mmoja

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole chake. Frednand alilamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma. Akalamba tena, akafunua. Mara nyingine alifunua kurasa tatu kwa pamoja, lakini hadithi haikuruka hata neno. Padri aliyekuwa amesimama mlangoni ukurasa wa kumi alikuwa bado mlangoni ukurasa wa kumi na tatu. Nikajisemea moyoni, hiki kitabu kina subira sana.

Lakini nianze pale alipoanzia yeye.

Frednand alitokea Biharamulo. Huko alikuwa ameuza miche ya migomba inayozaa kwa miezi minne, na mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha akaona ni vizuri abadilishe hali ya hewa. Alifika Ngara mjini na simu kubwa ya kioo na shati moja jeupe. Alilifua kila jioni na kulivaa kila asubuhi, watu wakadhani anayo saba.

Siku hiyo alikuwa amejibanza steshenari kukwepa jua. Mbele yake Mama Generoza, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Sesilia kule Nyamiaga, alikuwa anachapisha tangazo la sikukuu ya mtakatifu huyo, somo wa jumuiya. Aliongea kwa sauti ya mtu anayetaka hata wapita njia wafaidike.

"Miaka miwili tunamlisha. Kila kaya kwa zamu. Andika kwa herufi kubwa: KUTAKUWA NA BEBERU. Halafu chini yake andika kwamba jumuiya ya Mabawe mwaka jana walichinja kuku."

"Hilo la Mabawe niliandike kweli, mama?" aliuliza kijana wa steshenari.

"Herufi ndogo."

Frednand aliposikia beberu, aligeuka. Aliposikia Mabawe, alitabasamu. Mtu mwenye mbuzi ana mbuzi tu, lakini mtu mwenye mbuzi na mshindani, huyo ni mgodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani kukuingilia. Mimi ni mwandishi wa vitabu. Nimemaliza riwaya ya kusisimua, inahusu akili mnemba na dini."

"Akili gani?"

Frednand alitazama mashine ya kutoa kopi, iliyokuwa inapiga kelele. Juu yake ilitundikwa kalenda ya parokia. Hapo ndipo riwaya ilipozaliwa.

"Akili mnemba. Ya kompyuta. Mashine inawekwa kwenye kiti cha kitubio, inasikiliza dhambi za mji mzima. Halafu padri anauawa. Na mashine inamjua muuaji, maana amekuja kuungama kwake."

Mama Generoza aliweka mkoba chini.

"Kimebaki kitu kimoja," Frednand aliendelea kwa huzuni. "Maoni ya wasomaji, yale ya jalada la nyuma. Jina la msomaji na mahali anapotoka. Bila maoni, mchapaji kule Mwanza hawashi mashine. Maoni ya kwanza yanakaa juu kabisa, kwa herufi nzito. Ila hayo Mabawe wameshaniomba. Watatoa mbuzi wa shukrani. Ndiyo desturi ya uandishi, mama: maoni ya kwanza ni mbuzi mmoja."

"Mabawe wana mbuzi?"

"Wanasema wanaye."

"Wale walaji kuku!" Mama Generoza aliokota mkoba. "Njoo kwangu Alhamisi saa kumi. Wa kwetu ana ndevu."

Hesabu ya Mama Generoza ilikuwa wazi. Beberu akiondoka, siku ya somo watu watakula maharage mbele ya tangazo linalosema beberu, na aibu hiyo itakuwa yake. Lakini nyuma ya kitabu, Sesilia ingekaa juu ya Mabawe milele. Alipima siku moja na milele, akachagua milele.

Alhamisi Frednand alikuja na kitabu kinene alichokiita nakala ya majaribio, jalada la rangi lenye picha ya mashine iliyovaa stola ya padri. Watu ishirini tulikaa kwenye mabenchi na mikeka, na beberu alifungwa mgombani, anaonekana vizuri kutoka mlangoni. Frednand alikuwa amepanga robo saa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Ndugu zangu, ninaomba maoni tu. Hata mafupi. 'Kitabu ni kizuri' yanatosha."

Mzee Gozbert, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote katika jumuiya, aliinua mkono. "Kijana, sisi hapa hatutoi maoni juu ya kitu ambacho hakijasomwa. Linasomwa neno, tunanyamaza, kila mtu anasema lililomgusa. Ndivyo tunavyofanya kila Alhamisi."

"Kitabu ni kirefu, mzee wangu."

"Hata Biblia ni ndefu."

Basi Frednand akalamba kidole.

Aliposimama kupumua, watu walianza kushirikishana. Kwetu hakuna anayeruhusiwa kutoguswa, na hakuna anayeruhusiwa kubisha lililomgusa mwenzake.

"Mimi limenigusa neno 'bonyeza hapa kuanza'," alisema Rozalia. "Hata sisi lazima tubonyezwe."

"Amina."

"Mimi nimeguswa na umeme," alisema Niragira. "Ukikatika dhambi ikiwa nusu, ile nusu nyingine narudi nayo nyumbani?"

"Ina betri," Frednand alijibu haraka.

"Basi iandikwe."

"Mimi nimeguswa na siri," alisema Mzee Gozbert. "Padri hawezi kutoa siri ya kitubio hata umkate. Sasa hii mashine haikubatizwa. Itafunga mdomo kwa sababu gani?"

Frednand alilamba kidole, akafunua kurasa kadhaa za mbele. "Hilo liko mbele, mzee."

"Basi tufike mbele," alisema Mama Generoza. "Nani alishatoa maoni Injili ikiwa katikati? Alhamisi ijayo, saa kumi."

Kazi yangu pale ni ukatibu. Kila linalosomwa na kila linalosemwa ninaliingiza kwenye daftari la jumuiya, na kikao kinachofuata linasomwa. Anasoma Mama Generoza, kwa sababu sauti yangu haifiki mlangoni. Katibu haruhusiwi kuacha nafasi wazi.

Alhamisi zikafuatana. Frednand, ambaye hakuwahi kufanya kazi siku tatu mfululizo, alionekana mjini akitembea peke yake, akihesabu wahusika kwa vidole. Sura ya sista aliyemkimbiza muuaji kwa pikipiki ilirudishwa.

"Gauni lake alilifunga wapi?" Rozalia aliuliza. "Litaingia kwenye mnyororo. Karekebishe."

Akaenda akarekebisha. Aliwadanganya watu wa kata tatu bila jasho, sasa anakosa usingizi kwa ajili ya gauni. Alhamisi ya nne watu wa Mugoma nao walikuja kusikiliza, na vigoda vyao. Kwa nguvu aliyotumia kumpata beberu yule, angelima ekari mbili za mahindi na kuzipalilia.

Ilipofika wiki ya somo, hadithi nayo ilikuwa imefika mwisho, ila Frednand hakuwa na mwisho. Askari wamezunguka kanisa. Kamanda ameshika waya. "Taja jina la muuaji," anaiambia mashine, "au tunakuzima." Frednand akalamba kidole, akalamba tena.

Mvua ikaanguka kwenye bati.

Ilikuwa mvua ya Novemba, ile ambayo hata ukiita mtu aliye magotini pako hasikii. Frednand alitazama juu kama mtu aliyepokea barua ya kuajiriwa, akaendelea kusoma kwa madaha, mkono unapanda, mkono unashuka. Watu wote walitikisa vichwa. Mzee Gozbert alifuta jicho. Mvua ilipopungua, Frednand alifunga kitabu.

"Mwisho."

"Amina."

"Mimi mwisho umenigusa wote," alisema Niragira, ambaye hakusikia kitu.

"Hasa pale katikati yake," alisema Rozalia.

"Muuaji yule sikumtegemea kabisa," alisema Mzee Gozbert kwa uangalifu.

"Hata mimi," alisema Frednand.

Mama Generoza alipanga tukutane kesho yake, Ijumaa, mkesha wa somo. Daftari lisomwe, maoni yathibitishwe, mbuzi aondoke. Aliposema mbuzi aondoke, alitazama pembeni.

Ijumaa Frednand alikuja na kamba yake mwenyewe. Mama Generoza alivaa miwani, akasoma hadi akafika ukurasa wa mwisho:

"Kamanda akasema, taja jina au tunakuzima. Mashine ikanyamaza. Iliwaza hivi: nikisema la mmoja, nani atarudi kusema lake? Mkono wa kamanda ukakaza waya. Mashine ikasema neno moja tu: Zima. Hapo mtu wa benchi la nyuma akasimama analia, akasema, msiizime, ni mimi."

Kamba ilikuwa imemtoka Frednand mkononi.

"Nilisoma hivyo?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaniangalia. Akaangalia tena daftari. "Ni nzuri," alisema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Mzee Gozbert aliyapenda maneno yale, akataka kuyaona kwa macho yake. Alinyoosha mkono akachukua kitabu pajani kwa Frednand kabla mwenyewe hajazinduka.

"Mbona hapa kuna picha ya mnyororo?" Akafunua. "Hapa wanasema badilisha oili kila kilomita elfu mbili."

"Kumbe muuaji ni fundi?" aliuliza Niragira.

Mama Generoza alibandua jalada. Ndani kilikuwa kitabu cha maelekezo ya pikipiki, mafuta ya grisi bado pembeni. Frednand alitazama mlango. Mlangoni walikuwa wamekaa watu wa Mugoma, na vigoda vyao.

"Kaa," alisema Mama Generoza.

"Kwa hiyo kitabu hakipo?" Rozalia alikuwa karibu kulia. "Na gauni lote lile?"

"Kitabu kipo." Mzee Gozbert aligonga daftari kwa kidole. "Kimesomwa hapa, kimerekebishwa hapa, kimeandikwa hapa. Ni cha jumuiya. Tutakipeleka kikachapwe."

"Lakini kama kitabu ni chetu," alisema Mama Generoza polepole, "hatuwezi tena kujitolea maoni wenyewe. Anatakiwa msomaji."

Wote tuligeukia shati jeupe.

"Frednand, mwanangu. Limekugusa neno gani?"

Angeweza kusema lolote. Mdomo wake ulikuwa na mengi. Aliokota kamba yake, akaikunja.

"Pale iliposema Zima," alisema. "Mimi ningetaja jina kabla waya haujaguswa. Ningeongeza na la pili."

"Amina," tukaitikia.

"Katibu, andika. Maoni ya kwanza: Frednand, Biharamulo."

"Juu kabisa?" Frednand aliuliza.

"Juu kabisa."

"Herufi nzito?"

"Nzito. Watu wa Mabawe watayasoma." Mama Generoza alivua miwani. "Nawe desturi ya uandishi unaijua kuliko sisi."

Ugonjwa aliokuwa akiwauzia wengine, ule wa kutaka jina juu kabisa, ulimpanda usoni waziwazi. Aliomba ruhusa ya kwenda mjini na kurudi, na watu wa Mugoma wakampa wasindikizaji wawili.

Jumamosi tulikula mbuzi wawili. Wa pili alikuwa wa kahawia, aliletwa na Frednand mwenyewe, na ile simu yake kubwa ya kioo hatukuiona tena. Mama Generoza alirekebisha tangazo kwa kalamu: KUTAKUWA NA BEBERU NA MWENZAKE. Frednand alikata nyama na shati lake jeupe limefungwa kiunoni, akimsimulia kila mpita njia kwamba jina lake linaingia kitabuni.

Liliingia kweli. Kitabu kilipochapwa, alirudi nacho Biharamulo akawa anawaonyesha watu jalada la nyuma. Wale aliowauzia miche ya migomba walimpata bila shida, maana sasa jina lake lilikuwa na herufi nzito na mahali anapotoka. Nasikia anawalimia.

Watu bado wanamsifu kwa ule mwisho. Yeye huinamisha kichwa na kusema ulimjia tu, mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na goti lake siku ile. Hakusema kitu, midomo ilikuwa inacheza tu. Aliponiangalia Ijumaa, nilitazama kalamu.

Mwisho ule niliutunga mimi.