Filamu Yenye Miisho Minane

Kwa Ndugu Mhariri wa gazeti letu la mtaa,

Salamu nyingi sana, ndugu yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba ule mgongo uliotuandikia habari zake toleo lililopita umeanza kukuonea huruma. Tulikuombea. Sisi huku hatujambo kwa neema za Mungu, isipokuwa jambo moja tu, nalo umetuletea wewe.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Elimu yangu si ya kumtisha mtu, kwa hiyo ukikuta koma imekaa pasipo pake, isogeze. Naandika kuhusu ile filamu ya katuni ya zamani, ya nyimbo nyimbo, inayoonyeshwa kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa jumuiya. Mwandishi wako wa sanaa, Mungu ambariki, aliichambua ukurasa mzima, ubora wake na udhaifu wake. Ubora aliuona mwingi. Udhaifu aliuona mmoja, kwamba “vipande havilingani uzito”. Akamaliza kwa kusema kwamba inafaa kwa familia nzima. Familia yangu ni mimi, mume wangu fundi redio, na mama mkwe wangu. Tukaenda nzima, kama tulivyoagizwa. Sasa naomba kwa heshima filamu hiyo iondolewe ukumbini na gazeti litoe masahihisho, kwa sababu hizi:

1. Filamu haijaunganishwa. Mwandishi wako ameiita “mkusanyiko”. Neno zuri sana. Mimi nikichukua mkono wa shati, mfuko wa suruali na kola ya gauni nikavipeleka kwa mwalimu mkuu, hatasema nimeleta mkusanyiko, atasema nimelewa. Vipande ni vinane, na kila kimoja kina watu wake na wimbo wake, wala hawajuani. Katika kipande cha pili kuna konokono tarishi. Tulimwacha njiani, mvua inanyesha, barua ipo mgongoni. Nikamsubiri kipande cha tatu, nikamsubiri cha nne, nikajua cha tano lazima atatokea. Hakutokea. Mpaka leo sijui kama barua ilifika. Mwandishi wako anasema hiyo ni sanaa ya kumwachia mtazamaji afikiri. Kwetu huo ni uzembe wa posta.

2. Mavazi. Kuna dubu anayepiga zeze kubwa la kusimama nalo. Amevaa koti refu la sherehe, tai, na glovu nyeupe. Chini hana kitu. Nimekaa na sindano maisha yangu yote, na sijawahi kumshonea mtu koti la sherehe bila kumuuliza suruali. Na amesimama hivyo hivyo mbele ya kwaya ya vyura, wengi wao akina mama. Nilinyanyua ncha ya mtandio nimzibe mama mkwe macho, akausukuma pembeni kwa fimbo. Mwandishi wako hili hakuliona, pengine alikuwa anapima uzito wa vipande. Mimi niko tayari kushona suruali hiyo bila malipo, mradi mtu aniletee vipimo.

3. Sauti. Konokono, dubu, na mwezi unaopigwa pasi, wote wanaimba kwa sauti ya mwanamume mmoja mwenye mafua. Kipande kimoja tu hakina mwimbaji, kile cha kamba ya nguo. Mwenye nyumba ametoka, upepo umekuja, nguo zinacheza zenyewe, na fidla inalia taratibu. Hapo niseme ukweli, maana naogopa dhambi kuliko aibu. Gauni moja lilipoinama, niliona pindo lake limeshonwa kwa mkono, kwa ule mshono mdogo mdogo usioonekana upande wa nje. Mtu alikaa kitako akauchora uzi ule. Siku hizi hata anayelishona gauni lenyewe hajisumbui hivyo. Nilitokwa na machozi kidogo. Liandike nalo kama lalamiko, kwa sababu sikwenda ukumbini kulia.

4. Hili ndilo lenyewe. Aliyetia maneno ya Kiswahili kwenye filamu hiyo ameandika MWISHO kila kipande kinapoisha, kwa herufi kubwa zenye maua. Nawe unajua sharti la ukumbi wetu, hakuna mkutano unaovunjika bila sala. Basi mlinzi wa ukumbi, ambaye ndiye anayeendesha mashine, alipoona MWISHO akawasha taa. Watu wakasimama. Sala ya kufunga husemwa na anayekaa mbele, na anayekaa mbele ni mimi. Nikafunga. Amina. Watu wakaanza kuokota vikapu vyao, mara ukutani anatambaa konokono. Taa zikazimwa, tukaketi. Konokono akaachwa na mvua, MWISHO, taa, sala. Ilipotokea mara ya tatu nilimfuata mlinzi nikamsihi aziache taa zilivyo. Akanitazama kwa masikitiko. “Pameandikwa mwisho, mama. Mimi ni nani niseme bado?”

Kufikia kipande cha tano nilikuwa nimeshawaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi na watoto wa mitihani. Cha saba niliiombea mashine. Sala ya nane, Mungu anisamehe, ilikuwa “Baba, unajua”.

Lakini lililotuumiza hasa lilitokea kwenye ule mwisho wa kwanza. Ni lazima nikueleze, ndugu yangu, kwamba mama mkwe alikuwa hazungumzi. Tangu tulipomzika baba mkwe aliingia chumbani kwake na maneno yake akaingia nayo. Mganga wa zahanati alituambia tumpe muda, tukampa. Na nyumba iliyotulia ina faida zake, asikudanganye mtu. Mume wangu alikuwa anazisikia vizuri redio za wateja, nami nilikuwa nahesabu vifungo bila kupotea. Kumtoa siku ile ilikuwa kazi ya kumvalisha kama mtoto. Sasa, taa zilipozimwa tena yeye hakuketi. Alibaki amesimama, ameshika fimbo, anautazama ukuta. Halafu akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: “Kumbe bado?”

Ukumbi mzima ukacheka. Mume wangu aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

5. Madhara ya nyumbani. Tangu siku hiyo hatuna amani. Mama akimaliza chai anatangaza “Mwisho”, kisha ananyoosha kikombe na kuuliza kama bado. Kiongozi wetu wa sala alikuja kumfariji kwa dakika chache, maana alikuwa na safari. Kila alipoinuka kuaga, mama alisema “Mwisho”, akaanza habari nyingine: marehemu alivyomposa, marehemu alivyokoroma, marehemu alivyomwogopa kuku. Safari ya kiongozi ikalala. Mama ametoka chumbani moja kwa moja na sasa anakaa kando ya cherehani yangu, na amegundua kwamba pindo zangu zimekaa kama meno ya mtoto. Na wimbo wa vyura anauimba kutwa, upande wa sauti nene. Mteja mmoja aliusikia akiwa barazani, akamwambia mume wangu kwa upole kwamba ile redio bado haijapona.

6. Madhara ya jamii. Mama ameanza kuwapitia wajane wenzake wa mtaani na kuwabeba kwenda ukumbini. Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha sala cha alasiri kilikuwa mimi na katibu, na katibu naye alikuwa anachungulia saa. Hebu tafakari hili jambo linakwenda wapi. Leo ametoka mmoja, kesho watatoka wote waliokuwa wametulia vyumbani mwao bila kumsumbua mtu. Watataka chai. Watataka kusikilizwa. Watakagua mishono ya watu. Viti vya ukumbi vitatosha? Wakwe wamejiandaa? Mimi nasema nchi nzima inaweza kuharibika kwa sababu ya katuni, na gazeti lako litakuwa ndilo lililosema inafaa.

Kwa hiyo, ikiwa kuiondoa filamu kabisa ni vigumu, basi walau irekebishwe. Miisho yote ikusanywe iwekwe pamoja mwishoni, ili tusali mara moja na Mungu naye apumzike. Dubu asitiriwe. Konokono afikishe barua. Na mwandishi wako aje akae nyumbani kwetu siku moja, kuanzia chai ya asubuhi, ndipo atuandikie tena habari za uzito.

Nisalimie sana mke wako, watoto, mama yako mzazi, wachapaji wote wenye mikono ya wino, na huyo mwandishi wa sanaa pia, kwa kuwa tumeamriwa kuwapenda hata hao.

Ni mimi dada yako katika imani,
Fundi wa Sare

Nyongeza: Barua hii nilishaifunga. Nimeifungua kwa mvuke, ndiyo maana karatasi imejikunja. Leo asubuhi mlinzi wa ukumbi amepita kutuambia kwamba kamati ya ukumbi imesikia manung’uniko yangu, maana niliyasema hata pale nje ya ukumbi kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani, na kwamba filamu inarudishwa ilikotoka kabla ya Jumamosi. Alijua ananifurahisha. Mama alikuwa pembeni yangu akinisaidia matundu ya vifungo. Aliweka shati juu ya meza, akaenda chumbani, akafunga mlango. Chakula cha mchana kimerudi kilivyokwenda. Mume wangu amezima redio zote dukani, amekaa tu.

Ndugu Mhariri, nakuomba usiichapishe barua hii hata mstari mmoja. Andika wewe, mwenye maneno mazuri, kwamba filamu ile haina kasoro yoyote, kwamba fundi wa sare ameomba ibaki na dubu wake kama alivyo, na kwamba sala atazisema zote nane, ndefu. Kama kamati inataka mtu wa kumlaumu kwa usumbufu, nipo. Wanakutana Ijumaa. Tafadhali nijibu mapema kabla ya hapo, nipate cha kumwambia mama kupitia mlangoni.