Chui wa Shamba la Marhun

Jumamosi, 1 Machi 2003
Khelef kashusha matofali. Anajenga ukuta kuziba uchochoro baina ya shamba lake na langu. Ndiyo njia ya pekee ya mbuzi wangu kwendea mlimani! Nimemuuliza watapita wapi. Kasema niwafunze kuruka. Binamu yangu huyo, tumekuja Oman kutoka Unguja ndege moja.

Lakini yupo Wijdan, mjukuu wa dada yangu Fatma. Kazi yake wanyama pori. Kaja huku Ibra kutafuta chui wanapita wapi kutoka mlima hadi mlima. Njia ikijulikana, marufuku kujenga. Mtoto ana akili. Karithi kwangu.

Jumatatu, 3 Machi
Nimechonga unyayo wa chui kwa kipande cha mtende. Baada ya sala ya alfajiri nikagonga mchangani, kutoka mlangoni kwangu, uchochoroni, mpaka bondeni. Mgongo wangu!

Wijdan kaja, shikamoo babu, kainama kupima. Kauliza mbona kucha zimetoka, chui akitembea huzificha. Nimemwambia huyu kazeeka, hazirudi ndani. Kanitazama sana, lakini kafunga mtini kamera inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Khelef kaambiwa asimamishe ujenzi mpaka picha zitoke. Uso wake! Nimekula halwa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Khelef kazunguka kwa Waswahili wote. Anauliza nyayo zinatoka mlangoni kwa nani. Basi huyo si chui wa mlima, ni wa kufugwa, kama wa wachawi kwetu Unguja. Eti nimekuja nae. Kwenye ndege! Watu wazima, wana simu za mkononi, wameamini. Nimekaa kwenye kahawa, wote wakakumbuka wana shughuli.

Ijumaa, 7 Machi
Msikitini hakuna aliyenipa mkono. Ghaniya, mke wangu, kasema nikiri mbele za watu kuwa nimechonga. Nimemuuliza, na ukuta? Kasema ukuta wa nini, yeye hana hata wa kumwamkia. Kafunga mzigo, kaenda Sur kwa binti yetu.

Wijdan kaleta picha. Mie hapo, alfajiri ya Jumanne nilipokwenda kuongeza nyayo, nimepiga magoti, makalio yanatazama kamera. Kasema kazini kwao walikuwa wamebakiwa na mabonde mawili ya kuchagua njia ya chui, hili na la pili. Sasa kaandika la pili, na Khelef ruhusa kujenga. Hatomwambia mtu, kwa heshima ya bibi yake. Kafungua kamera, kaondoka. Hakuaga.

Jumapili, 9 Machi
Ukuta umekwisha. Wamemsaidia hata wasiompenda, ili chui asipite. Mbuzi wamezunguka kwa barabara ya lami. Lori limemuua yule mweupe mwenye mimba. Hata kumchinja sikuwahi.

Ghaniya kapiga simu. Sema kweli tu, Marhun, nitarudi. Nimelia kidogo, nikavaa kofia, nikatoka niende kusema. Dukani nikakutana na Khelef. Kaniona, kaangusha mfuko wa mayai, kakimbia na viatu mkononi.

Kumbe anaogopa kweli! Nimerudi nyumbani. Kesho nampelekea salamu afungue ukuta: chui wangu hajala tangu Jumatano.