Mpunga Uliobadilishwa Kufuli

Zéphirin alikwenda Kasapa, kwenye chuo kikuu, kutafuta chakula. Chuo kikuu kikitangaza mkutano wowote, yeye hufunga tai, huingia na uso wa mtu aliyealikwa, kisha hungoja sambusa za mapumziko. Siku hiyo mtaalamu mmoja alikuwa akieleza ugonjwa unaokausha majani ya mpunga. Sambusa zilichelewa, ndiyo maana Zéphirin akasikiliza. Na aliposikiliza, akaona riziki.

Alinunua magunia mawili ya mpunga wa kawaida katika soko la mtaa uitwao Kenya, akayabandika karatasi zenye Kifaransa ambacho hata yeye hakukielewa, akayapeleka kwa Mama Kahambu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Alikuwa na bohari, malori, na shamba la mpunga kando ya mto Kafubu ambalo ugonjwa ulikuwa unalimaliza.

"Mama, kosa haiko ku maji," alisema Zéphirin. "Kosa iko mu jeni."

Mama Kahambu alirudisha kiti nyuma. "Jini? Hapa kwangu tunasali."

"Jeni, mama. Ile kintu ya ndani yenye inafanya mutoto afanane na baba yake. Mupunga iko na jeni ya kufungua sukari. Bakteria haibomoe mulango. Inaamusha tu ile jeni, mupunga yenyewe inatoa sukari, bakteria inakula, majani inakauka."

"Mupunga inamupikia mwizi wake?"

"Na kumupakulia. Sasa hii yangu, bantu ba laboratoire balibadilisha serrure, ile kufuli ya mulango. Bakteria inagonga, jeni inalala."

Kwa heshima ya sayansi, tukiri kwamba hakuna alichosema ambacho hakikuwa kweli. Uongo ulikuwa ndani ya magunia.

Mama Kahambu alishusha sauti. "Majirani bangu basiipate."

"Hata mbegu moja."

Zéphirin akaondoka pale juu ya pikipiki ya mama, malipo yake, huku tai ikipepea begani.

Juma halikuisha kabla hajafikiwa na bwana mmoja mnene aliyekuja na Hilux, aliyejiita Godefroid, mkulima wa upande wa Kambove. "Nilisikia ile mupunga ya serrure," alisema. "Uniletee gunia kumi ku Luano, kwenye barabara ya aéroport, njo utachukua hii voiture, hii Hilux."

Zéphirin alikimbia sokoni. Mpunga wenye maganda ulikuwa umekwisha, na kila muuzaji alimwelekeza kwenye bohari moja tu: ya Mama Kahambu.

"Ni ya kulisha bata," alimwambia mama.

"Bata bako ni bengi," alijibu mama. "Iko, lakini bei imepanda."

Ilipanda kweli. Pikipiki ilirudi kwa mwenyewe, ikifuatwa na televisheni, kisha sofa. Germaine, mkewe Zéphirin, ilibidi ainuke ili sofa libebwe. Aliahidiwa gari, akakaa sakafuni. Hata hivyo njiani Zéphirin alicheka peke yake, akimwonea huruma mama wa watu aliyeuza chakula cha bata bila kujua kitageuka Hilux.

Huko Luano alingoja mpaka jua likampiga utosini. Mwishowe akapiga simu ya Godefroid. Ikapokelewa na Mama Kahambu.

"Shemeji yangu anaangalia mpira," alisema mama. "Televisheni yako inaonyesha muzuri."

Zéphirin alikaa juu ya gunia. "Mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu nilifungua gunia. Ule mupunga ulitokaka mu dépôt yangu, baba. Miye mwenyewe niliupepeta. Ile Hilux tuliikodi ya siku moja tu. Unisalimie bata."

Simu ikakatika. Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni kichwani alisimama, akayatazama magunia.

"Mupunga ya namna gani hii, baba?"

Zéphirin hakuwa na nguvu ya kubuni. "Ya kawaida, mama. Ya kula."

Yule mama alimpima kuanzia viatu hadi tai.

"Hapana," alisema. "Miye nimezoea bezi ba hapa na uongo yabo." Akaenda zake.