Mapacha wa Kumi na Sita na Kuku Aliyelitaka Kasha

Sogeeni, enyi mliokalia viti vya plastiki na enyi mliokalia ekicholong, kigoda kile kile ambacho usiku ni mto wa kichwa. Sogeeni, wa Lorugum mlioleta mbuzi na wa Longech mlioleta samaki. Tueni mizigo, zimeni redio, tulizeni watoto kwa titi au kwa kipande cha koma, tunda la mkoma, maana nawasimulia vita vya mwaka 1999, vilivyopiganwa kati ya Lodwar na Kakuma kwa ajili ya vipande viwili vya memori, kila kimoja urefu wa kidole kirefu. Katika vita hivyo hakufa mtu, ingawa kuku mmoja alipoteza makao.

Wala sisimulii ya kuambiwa. Nilikuwepo, na kosa kubwa la vita hivyo ni langu. Nitalikiri likifika mahali pake.

Alikuwapo Lodwar binti yangu Akoru, Akoru Mwenye Bisibisi, wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza kidato cha nne na kukataa kukaa bure. Miezi kumi na mmoja alikusanya kompyuta kipande kwa kipande, kama ndege akusanyavyo vijiti: kasha la bati kutoka ofisi iliyofungwa, bodi na prosesa kutoka Kitale, skrini yenye ufa pembeni, na feni aliyoisugua kwa mswaki wangu bila kuniomba. Na shabaha ya jihadi hiyo yote ilikuwa gemu ya mbio za magari, iliyokaa ndani ya sidii moja aliyoilaza chini ya mto kama hirizi. Alitaka kuwa mwanamke wa kwanza wa mtaa wetu kuendesha gari, hata kama gari lenyewe halipo.

Lakini juu ya jalada la sidii ile iliandikwa amri kali kuliko ya mkuu wa wilaya: memori, mega thelathini na mbili. Mashine yake ilikuwa na nane. Kwa wasiojua, memori ni meza ambayo kompyuta huandalia chakula. Meza ikiwa ndogo, sahani zinaanguka. Za Akoru zilianguka kila siku. Gari lilionekana, likanguruma mara moja, kisha skrini ikawa nyeusi kama sufuria ya msibani.

Na sasa tazameni adui ajaye! Mama mkwe wangu, Nakuleu Msoma-Alama, mwenye shanga kutoka mabegani hadi kidevuni, aliyeweza kumtambua mbuzi wake aliyeibwa kati ya mbuzi mia tatu wa watu wengine, na akamwita kwa jina la mama yake. Bibi huyu alikuwa na kuku mwekundu aliyetaka kutaga. Kuku alizunguka nyumba yote, akakagua kila pembe kama mpimaji wa ardhi, kisha akasimama mbele ya kasha la Akoru, lililo wazi ubavuni, lenye kivuli na hewa, akakohoa kwa heshima.

Nakuleu alisimama katikati ya ua akahutubu.

"Mama Akoru, nisikilize, na wewe mjukuu sikiliza. Sanduku hili limekaa kwangu mwaka. Halikamuliwi, halizai, halichinjwi. Wageni wakija nawaambia ni la nini? Basi jua likitua Jumamosi na halijaendesha hilo gari mnalolisema, ni nyumba ya kuku."

"Ata!" Akoru alilia, maana ndivyo amwitavyo bibi yake. "Kuku anaweza kutagia kwenye karai!"

"Karai ni la kuogea mimi. Nioge na mayai?"

Nyumba ilikuwa yake. Hukumu ikapita.

Jumanne nikaagizwa Kakuma, ambako vitu vya ofisi zilizokufa huenda kufufuka. Akoru hakuweza kwenda. Alibaki kulilinda kasha dhidi ya kuku. Aliniambia mlangoni, "Mama, thelathini na mbili. Lakini ziwe mbili. Mapacha, kumi na sita kwa kumi na sita." Nikasikia tamaa ya kijana. Mimi nina diploma ya chuo, na diploma ina kiburi chake.

Katika soko la kambi ya wakimbizi nilimkuta Makuei Mrefu, mtu wa Bor, mlinzi wa kopo, ambaye akisimama ndani ya duka lake la mabati huinamisha kichwa kama anayesali. Ndani ya kopo la maziwa ya unga alikuwa na vipande vya memori kama hamsini. Akanionyesha kimoja kinene chenye mega thelathini na mbili peke yake, na kingine cha kumi na sita ambacho ndugu yake alikuwa amepotelea humo humo ndani ya kopo.

Nikajiuliza: thelathini na mbili si thelathini na mbili? Kwa nini nibebe viwili penye kimoja? Nikachukua kinene. Hilo ndilo kosa, na nimelikiri.

Jioni ile Akoru aliving'oa viwili vya zamani, akakikita kinene, akawasha umeme. Mashine ikalia: pii, pii, pii. Akajaribu tundu la pili, la tatu, la nne. Pii, pii, pii. Kuku akajibu kutoka uani.

Akoru hakuzira. Aliweka bisibisi chini taratibu, na hilo lilinichoma kuliko kama angelia.

Nakuleu akaja na fimbo yake. "Kinalilia nini hiki?"

"Ata, mashine hii hubeba pande mbili zilizo sawa. Upande mmoja ukiwa mtupu, haiinuki. Mama ameleta upande mmoja."

Bibi alinigeukia polepole, kama mzinga wa kifaru unavyogeuka.

"Wewe! Umempakia punda shogi la upande mmoja?"

"Mama, sikujua kwamba ni..."

"Tumehama na punda tangu Lokiriama mpaka hapa, nimepakia punda mume wako akiwa tumboni mwangu, hata mtoto wa miaka minne anajua: kibuyu huku, kibuyu kule! Hiyo diploma haikufika kwenye punda?"

"Haikufika," nilisema. Ni kweli haikufika.

Alitema mate pembeni. "Mambo ya sanduku lenu siyajui. Lakini mzigo wa upande mmoja siwezi kuutazama. Jumamosi nakwenda mwenyewe." Kisha akainua kidole. "Na neno la kuku liko pale pale."

Jumamosi alfajiri tukaondoka na msafara wa magari, maana siku hizo barabara ile haikupitwa pekee pekee kwa hofu ya majambazi, na msafara wa kurudi ulikuwa saa sita kamili. Tulikwenda watatu, kwa kuwa Akoru alisema hatatuma tena mtu mwenye diploma. Kasha likabaki bila mlinzi. Kuku aliisindikiza safari yetu kwa jicho moja.

"Ejok," alisalimu Makuei alipotuona, akainama zaidi.

"Ejok-nooi," alijibu Nakuleu. "Ni wewe uliyemuuzia mkwe wangu shogi la upande mmoja?"

"Ya mama, mimi nilifikiri iko ingine nyumbani! Yeye alikuja na sura ya mtu mwenye anajua."

"Hiyo sura huwa nayo," alisema Nakuleu. Akoru akacheka kwenye kiganja. Nilivumilia.

Akoru akasimama mbele ya meza na kunena kama balozi: "Makuei, hatukuja kugombana. Tunakurudishia kinene chako kikiwa kizima. Tupe mapacha wawili wa kumi na sita, tuondoke kwa amani."

Makuei akafungua mikono. "Mmoja huyu hapa. Ndugu yake iko ndani ya kopo, walitoka kwa mashine moja. Lakini mimi natafuta yeye wiki mbili, mafi, hakuna! Maandishi ni kidogo kama kinyesi ya nzi. Mtu akipata yeye leo, kalas, basi, nabadilisha bila kuongeza kitu. Lakini hamuwezi."

Lo! Ni neno gani hili la kumwambia mwanamke wa Kiturkana kuhusu mnyama aliyepotea?

Kwanza alijaribu Akoru. Alichukua kimoja kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akasoma namba ndefu kama sala za maiti, akasahau ya kwanza alipofika ya tano. Jasho likamwingia machoni. Saa tano na nusu. Nje, magari ya msafara yakaanza kuunguruma.

"Toka," alisema Nakuleu.

Akatandika shuka lake chini, akamwaga kopo lote. Akauketia mkutano ule kama anavyoketi penye lango la zizi jioni mbuzi wakirudi, na kwa ncha ya kidole akaanza kuwaswaga. Bibi huyu hajui kusoma. Hajui A. Lakini alikiweka kile cha kumi na sita gotini, akakikazia macho, akasema: "Wote wamekatwa sikio la upande mmoja, vizuri, ni zizi moja. Huyu wangu ana madoa manane. Mwenye manne, nenda. Mwenye mawili, nenda, hata maziwa huna." Sikio ni ile kona iliyokatwa ya kila kipande, na madoa ni vile vidude vyeusi vya mgongoni. Wakaenda. Wakabaki kumi na saba.

"Saa sita kasoro robo," nilisema.

"Nyamaza, mwenye upande mmoja. Sasa chapa. Huyu ana ndoano, kisha vyungu viwili vimepandana, kisha fimbo, kisha mwezi mchanga." Kidole kikapita juu ya herufi na tarakimu ambazo binti yangu msomi alizikimbia. "Wewe una vyungu, huna mwezi. Nenda. Wewe mwezi wako umegeuka. Mwizi! Nenda." Makuei alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Wewe..." Kidole kikasimama. "Wewe. Ndoano, vyungu, fimbo, mwezi. Mama yenu mmoja. Ulikuwa wapi, mtoto?"

Akoru alivinyakua vyote viwili, akavilinganisha herufi kwa herufi. "Ni sawa," alisema. "Ata, ni sawa yote!"

Hapo Makuei Mrefu, mwana wa wafuga ng'ombe, aliyeshindwa wiki mbili, alitoka nje penye nafasi, akanyoosha mikono juu kama pembe za fahali, akaruka mara tatu vumbi likapanda. Nakuleu naye akaruka, shanga zikalia kama mvua juu ya bati. Mimi niliangalia saa, kwa kuwa lazima mmoja aangalie. Tulikimbia. Tuliparamia gari likitembea, na bibi ndiye aliyetangulia.

Tulifika Lodwar jua likiwa limekaribia kilima. Na katika kasha, juu ya bodi yenyewe, ametandaza mabawa kama mfalme mvamizi, aliketi kuku mwekundu.

Akoru aliganda. "Ata... neno lako."

Nakuleu alitazama kuku. Akatazama jua kwa muda mrefu, kwa haki, kama hakimu asiyekula rushwa. "Bado upana wa vidole viwili," alisema. Akamnyanyua kuku kwa mikono yake mwenyewe, naye kuku akamlaani kwa maneno ambayo sitayarudia. Chini yake palikuwa na yai la moto. Nilipewa mimi nilishike, na hiyo ndiyo silaha pekee niliyobeba katika vita hivi.

Akoru akafuta bodi kwa kitambaa. Pacha wa kwanza: tak. Pacha wa pili: tak. Kibuyu huku, kibuyu kule. Swichi.

Pii. Moja tu.

Kwenye skrini tarakimu zikapanda, zikapanda, hadi elfu thelathini na mbili na mia saba sitini na nane, ndizo zile mega thelathini na mbili, kisha zikatulia, zimeshiba. Sidii ikazunguka. Gari jekundu likanguruma, na safari hii halikuzima. Liliruka, likakata kona, likapita daraja, na Akoru Mwenye Bisibisi alilia na kucheka na kukanyaga chini penye breki ambayo haikuwepo. Nami nilipiga vigelegele yai likiwa mkononi. Halikupasuka. Nataka iandikwe.

"Swaga!" alifoka Nakuleu nyuma yake. "Mpite huyo mweupe! Mchape!" Akashindwa kuvumilia, akaingiza mkono kwenye kibodi, na gari likaingia ukutani.

"Ata!"

"Amechoka. Mnyweshe maji, turudie."

Wakarudia. Dakika ya kumi na moja umeme ukakatika mji mzima, lakini jua nalo lilikuwa limetua, na neno lilikuwa limetimia mbele ya mashahidi. Kuku alipewa katoni la skrini. Anakaa humo hadi leo na hana malalamiko.

Nanyi mjuao jinsi wazee wetu wanavyohesabu miaka, kwa ukame mkubwa, kwa ugonjwa wa ngamia, kwa vita, pokeeni na huu. Wiki iliyopita afisa mmoja alikuja kwetu kuandikisha mifugo, akamuuliza Nakuleu mbuzi wake mweusi alizaliwa lini. Bibi hakufikiri hata kidogo.

"Andika," alisema. "Mwaka tuliompakia punda pande zote mbili."