Bata Kumi na Wawili wa Harusi ya Mama Karima

Jumatatu, 13 Oktoba
Ushindi! Mama Karima amechagua bata wangu kumi na wawili kwa harusi ya mwanawe, Jumamosi. Wakipendeza, harusi zote za Waislamu wa mtaa ni zangu. Alfani na kuku wake wakome! Kapita, muuzaji mwenzetu, anasema bata wangu wamenuna. Wivu tu.

Jumanne, 14 Oktoba
Balaa. Docteur Priscille wa mifugo anapita nyumba kwa nyumba, eti homa ya ndege. Nikamwambia wangu wazima kabisa. Akasema bata huweza kuibeba bila hata kukohoa. Virusi vina ufunguo, kila mnyama ana kufuli zake: za bata ziko tumboni, za mtu kooni, aina nyingine. Nguruwe ndiye anazo zote mbili, homa zikikutana mwilini mwake zinazaa homa mpya. Akaongeza kwamba ndani kabisa ya mapafu hata mtu anazo kufuli za... Mengine sikusikiliza, Alfani alikuwa anachungulia. Bon. Anarudi Alhamisi kupima, na kabla ya majibu hakuna kuuza. Na harusi je?

Jumatano, 15 Oktoba
Nimepata! Asipowaona, atapima nini? Jirani Benoît ana banda la nguruwe. Nani atatafuta bata humo? Benoît kakubali, ila anataka bata mmoja. Mnyang'anyi!

Alhamisi, 16 Oktoba
Nikamwambia Priscille bata wamesafiri Bafwasende. Akauliza kwa lori au kwa pikipiki. Nikiwa bado nachagua, bata wakapiga kelele kwa Benoît, wote. Docteur akashika kichwa. Akasema Kisangani nzima sikuona mahali pengine ila kwa nguruwe! Akapima bata, akapima nguruwe. Benoît kanitukana kwa Lingala na kwa Kifaransa, mtaa mzima ukisikia.

Ijumaa, 17 Oktoba
Majibu: bata wazima, nguruwe wazima. Ruhusa kuuza! Nikakimbia kwa Mama Karima. Akaniuliza kwa upole kama ni wale waliolala na nguruwe. Nikasema walilala upande wao. Akafunga mlango. Wageni watakula kuku wa Alfani. Nimelia, kweli nimelia.

Jumapili, 19 Oktoba
Priscille katangaza atapima tena mwezi ujao. Nimefikiri sana, kosa nimeliona: nilikosea mnyama. Mwenye kufuli mbili! Alors, safari hii nitawaficha chumbani kwangu. Mimi ni mtu, kufuli ya bata sina. Sita wameshapanda kitandani.